Baba Mdogo, mwacheni Rehema asome kompyuta

Hamilton, Ontario

Baba Mdogo, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jana usiku. Nashukuru mguu wa Bibi unaendelea vizuri. Huku sijambo, baridi tu.

Ada ya Rehema nitatuma, hilo lisikuumize kichwa. Lakini limenikaa moyoni kwamba mlikaa kikao, mkaamua asome uhandisi ujenzi, halafu mimi nikakumbukwa kwenye pesa. Na ile kauli kwamba kompyuta ni kazi ya kuchapa barua stesheneri imeniuma zaidi, maana mtoto aliisikia. Laiti ningekuwepo, nikae kwenye lile benchi la mlangoni nile kande za Bibi huku nawabishia.

Heshima ya kuitwa nyumbani kwa injinia naijua. Mwezi uliopita nimekabidhiwa muhuri wangu wa uhandisi wa hapa Ontario. Una jina letu la ukoo, na nikishaugonga kwenye mchoro wa umeme, dhamana ni yangu kisheria. Nililia, Baba Mdogo, nikimkumbuka marehemu Baba.

Ila njia ya uhandisi ni ndefu. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka 4, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mafunzo kazini miaka 3. Nilipohamia huku, usajili ule haukunisaidia kitu. Wasajili wa wahandisi wa huku walitaka mtihani wa sheria na maadili na uzoefu wa miezi 48, na sharti la uzoefu wa Kanada waliliondoa mwaka 2023 tu. Anayeipenda njia hiyo ataivumilia. Rehema haipendi.

Sayansi ya kompyuta Mlimani ni miaka 3, na hakuna bodi ya kumzuia kuandika programu, awe Dar au kwingine. Sisemi ni mteremko. Hapa vijana waliosomea kompyuta wanalia ajira ya kwanza imekuwa ngumu, akili mnemba nayo inaandika programu. Atakayehitajika ni yule anayeweza kutafuta kosa lilipo, na mtoto wetu ni wa aina hiyo. Daftari la mikopo la duka la Mama alilihamishia kwenye simu, jumla ikakataa kulingana. Hakulala mpaka akagundua kuna Mama Asha wawili, wa sokoni na wa kanisani, na madeni yao yamehesabiwa kama ya mtu mmoja. Akampa kila mteja namba yake, hesabu ikakaa sawa. Nani alimfundisha?

Wazo la Shangazi la uhandisi wa kompyuta, miaka 4, ili kila mtu aridhike, nimelisikia. Muulizeni Rehema kwanza. Dirisha la udahili likifunguliwa, mwache ajaze mwenyewe. Kompyuta mpakato nitampa Juma aje nayo Desemba. Ni ya Rehema peke yake, Baba Mdogo, isipelekwe dukani.

Msalimie Mama, na Bibi mwambie kande bado nazidai.

Mwanao,
Elia