Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kuhusu Msimbo wa Kutafuta Vigezo Tuliouondoa

Wazee wetu waanzilishi, wanakamati wenzangu, ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Shughuli za kawaida mnazijua na sitawachosha nazo. Tulikutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi katika ukumbi wetu wa kukodi hapa Milimani, Kisumu, isipokuwa Aprili na Desemba. Tuliendesha mafunzo ya Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa wanaoanza mara mbili hapa mjini na mara moja Kakamega, tulisimama na mwenzetu aliyefiwa na mama yake huko Siaya, na maktaba yetu ya programu, ambayo vikundi vya akiba huitumia kuweka hesabu zao, ilitoa matoleo mawili.

Kuhusu fedha, mweka hazina ameniomba niseme yafuatayo kwa niaba yake. Tuna wanachama 43 kwenye daftari, na waliolipa ada ya shilingi 1,200 ni 17, jumla shilingi 20,400. Ukumbi umetugharimu shilingi 15,000 kwa vikao 10, intaneti na uchapishaji shilingi 3,800, na salio ni shilingi 1,600. Tunadai shilingi 31,200, nalo deni hilo nitalirudia.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mwaka huu limezungumzwa sana kwenye simu na kidogo sana ukumbini, yaani uamuzi wa mwezi Juni wa kuondoa kwenye maktaba yetu faili lote la kutafuta vigezo vya fankisheni, yaani taarifa ambazo kipande cha programu kinahitaji kupewa ili kifanye kazi yake. Nimeambiwa kwamba nilifuta kazi ya wazee, kwamba nilifanya hivyo usiku bila kuuliza mtu, na kwamba nilivunja kitu kilichokuwa kikifanya kazi. Ninaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililo kweli.

Waliojiunga majuzi huenda hawajui kwa nini msimbo ule uliandikwa, na waanzilishi wanastahili kutendewa haki. Maktaba yetu huchora fomu yenyewe. Ukiandika fankisheni ya kuweka akiba yenye vigezo vitatu, yaani mwanachama, kiasi na tarehe, basi skrini hutokea na nafasi tatu za kujaza, na mwandishi wa programu hahitaji kuchora chochote. Ili hilo liwezekane, maktaba ilipaswa kuiuliza fankisheni inahitaji nini, na katika Common Lisp, aina ya Lisp tunayoitumia, swali hilo halina jibu moja. Kiwango cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, cha mwaka 1994 kimeweka function-lambda-expression ya kuuliza fankisheni iliandikwaje, lakini kiwango hicho hicho kinairuhusu kompaila yoyote, yaani programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iutekeleze, kurudisha NIL, yaani "hakuna kitu", bila kueleza zaidi. Matokeo yake ni kwamba kila kompaila ilijitengenezea mlango wake wa kujibu swali hilo. CCL ina arglist yake, CLISP nayo ina ya kwake, na SBCL, iliyochipuka kutoka CMUCL mwaka 1999, huja na moduli ya sb-introspect, ambamo jina la function-arglist lilitangazwa kuwa la kizamani na nafasi yake ikachukuliwa na function-lambda-list. Waanzilishi wetu walikaa wakaukusanya utitiri huo wote mahali pamoja, mistari 214, wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine. Ilikuwa kazi nzuri, na sijawahi kusema vinginevyo mbele ya mtu yeyote.

Hitilafu ilikuwa imejificha katika namna msimbo ule ulivyogawanywa. Kila kompaila ilipewa tawi lake kwa alama ya #+, kama vile #+sbcl, #+ccl na #+clisp, na msomaji wa Lisp, yaani sehemu ya kompaila inayosoma msimbo, huruka kila tawi lisilomhusu kana kwamba halikuandikwa. Ukitumia kompaila ambayo haikutajwa, matawi yote hurukwa, na fankisheni hubaki na jina bila mwili. Fankisheni isiyo na mwili hailalamiki wala haisimamishi programu, hurudisha NIL. Na NIL katika Lisp, kama tunavyowafundisha wanaoanza siku ya kwanza, ndiyo pia orodha tupu. Kwa hiyo msimbo wetu, ulipokuwa haujui vigezo, ulijibu kwa uhakika kamili kwamba vigezo havipo.

Mwezi Machi mweka hazina wa kikundi cha akina mama huko Nyalenda alinijia na kompyuta yao, ambayo kijana mmoja alikuwa ameiwekea ECL, kompaila nyingine ya Common Lisp. Alipoifungua, niliona kwenye skrini maneno "Weka akiba", na chini yake kitufe cha "Tuma", basi. Hapakuwa na nafasi ya jina, wala ya kiasi, wala ya tarehe. Mama yule alidhani ni yeye aliyekosea, na kwa wiki tano alikuwa akiandika michango ya watu kwenye daftari la karatasi, usiku, baada ya kufunga kibanda chake, akisubiri kupata mtu wa kumwonyesha mahali pa kubonyeza. Nilikaa naye hadi saa mbili usiku. Siku hiyo ndipo nilipoamua kwamba faili lile halitaingia mwaka mwingine, na sioni haya kusema kwamba uamuzi ulianza na mimi.

Wapo waliosema ingetosha kuongeza tawi la ECL. Nililiongeza mimi mwenyewe wiki hiyo hiyo, kwa sababu ECL nayo ina function-lambda-list yake, na fomu ya mama yule ikarudi. Lakini tawi la kesho nani angeliongeza? Kompaila isiyotajwa ingepewa jibu lile lile la uongo, na mtu mwingine angekaa wiki tano akijilaumu. Mwenzetu mmoja kutoka Busia alipendekeza tutumie maktaba ya trivial-arguments, ambayo ina jambo moja ninalolisifu: isipojua hurudisha :unknown, si orodha tupu. Pendekezo hilo lilikuwa la maana kuliko yote niliyoyapokea, na nilimjibu kwa maandishi. Nilimwambia kwamba hatuna haja ya kuuliza jambo ambalo tumekwisha kuambiwa.

Tumeambiwa, kwa sababu tangu mwaka juzi maktaba yetu ina makro ya kutangaza amri. Makro hupokea maandishi ya fankisheni kabla hayajatekelezwa, na orodha ya vigezo imo humo humo, kama mwandishi alivyoiandika, pamoja na &optional na &key zake, yaani alama za vigezo vya hiari na vya kutajwa kwa jina. Makro yetu huichukua orodha hiyo wakati ule ule wa kufafanua na kuiweka kwenye jedwali, na fomu huchorwa kutoka kwenye jedwali. Njia hii haitegemei SBCL wala CCL wala mlango wa kompaila yoyote. Ni Common Lisp ya kiwango, basi. Tangu siku ile makro ilipoingia, msimbo wa kutafuta vigezo ulikuwa umekwisha kazi yake. Ulibaki tu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuugusa.

Sasa, kuhusu kuuliza watu. Ajenda ilitumwa kwa kila mwanachama wiki mbili kabla ya kikao cha Juni, na jambo hili lilikuwa la pili katika ajenda hiyo. Walifika watu 8. Kati yao 7 walikubali na mmoja hakupiga kura. Kuna anayedai kwamba hatukufikisha akidi. Ninamwomba aifungue katiba aone kwamba akidi ya theluthi moja inahitajika kwa kurekebisha katiba na kwa kuchagua viongozi, nako kufuta faili hakumo katika hayo mawili. Aidha, toleo la Januari lilikuwa limeanza kutoa onyo kila mara msimbo ule ulipoitwa. Ninakubali kwamba onyo hilo lilitokea kwenye dirisha la kompaila, ambalo wengi wetu huliacha lipite bila kulisoma, na hapo tungeweza kufanya zaidi. Lakini onyo lilikuwepo kwa miezi mitano.

Ninajua pia gharama iliyowaangukia baadhi yenu. Fankisheni iliyoandikwa kwa defun, neno la kawaida la Lisp la kufafanua fankisheni, haichorewi fomu tena. Programu husimama na kutaja jina la fankisheni hiyo, na mwenye nayo hulazimika kuiandika upya kwa makro. Mwanachama mmoja alikuwa nazo 31, akaniambia maneno makali ambayo nimeyasamehe. Kwa kila faili nililotumiwa, nilifanya mabadiliko hayo mwenyewe bila malipo, na mengi hayakuchukua zaidi ya dakika 20, kwa kuwa ni neno la kwanza tu la ufafanuzi linalobadilika. Afadhali programu isimame na kutaja kinachokosekana, kuliko kumwonyesha mtu kitufe cha "Tuma" asijue anatuma nini.

Mzee aliyeandika sehemu kubwa ya faili lile nilimwendea nyumbani kwake Kibos kabla ya toleo kutoka, si baada, kama ilivyosemwa. Alinipokea vizuri, tukanywa chai, na hakuniuliza habari za ile mistari 214. Aliuliza kama majaribio aliyoyaandika nayo yamefutwa. Nilifungua kompyuta nikamwonyesha yote 14 yakiwa yamehamishiwa kwenye makro, mojawapo likiwa lile la fankisheni isiyo na kigezo hata kimoja, ambalo sasa lina maana, kwa kuwa orodha tupu kwenye jedwali ni orodha tupu kweli. Aliyasoma moja moja, akanirekebisha jina la jaribio la sita. Marekebisho yake yamo katika toleo mnalolitumia leo.

Hainipendezi kwamba mjadala mzito kiasi hiki ulifanyika bila wengi wenu kuwepo. Wastani wa mahudhurio yetu ulikuwa watu 9, na mwezi Agosti tulikuwa 4, mimi, katibu, na wageni wawili ambao si wanachama. Ukumbi hulipwa sawa, tuwe 4 au 40. Barua nilizopokea kuhusu faili lile ni 19, na kati ya walioziandika, 12 hawajalipa ada ya mwaka. Sisemi kwamba asiyelipa asitoe maoni; ninasema kwamba maoni yake yangetufaa zaidi Jumamosi ile ya Juni, akiwa amekaa kitini.

Katika mwaka ujao tunatumaini kuipa maktaba yetu mwongozo wa kuandikwa kwa Kiswahili, kufika Busia na Bungoma fedha zikiruhusu, na kuona namna ya kuyatoa maonyo ya maktaba mahali ambapo watu watayaona. Kamati itayatazama hayo kwa wakati wake.

Aliye na fankisheni za defun ambazo bado zimekwama aje na kompyuta yake Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Nitakuwepo mapema, na mweka hazina atakuwa mezani karibu na mlango akiwa na kitabu cha stakabadhi.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti, Kisumu