Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuchunguza mizuka na kuwachangia wagonjwa,

Nianze na mlango, maana ndio tuliokesha nao kuliko kitu kingine chochote mwaka huu. Tuliitwa kwenye nyumba kongwe ambayo mlango wake wa ghorofani ulikuwa ukifunguka wenyewe usiku wa manane, na wenye nyumba walikuwa wameshahama upande ule. Usiku wa kwanza tuliusikia. Kitasa kilitoa mlio mdogo, mlango ukaja taratibu mpaka ukagusa ukuta, na sisi tuliokuwa ukumbini tukashikana mikono bila kuambizana. Usiku wa pili mmoja wetu alipiga magoti na tochi, akapaka chaki kwenye ulimi wa kitasa. Asubuhi chaki ilionyesha kwamba ulimi umelika, unashika tundu lake kwa upana wa ukucha tu. Bomba la maji ya moto lilipita nyuma ya fremu, na kila lilipopoa usiku mbao zilijikunja kidogo na ulimi ukachomoka. Fundi alibadilisha kitasa. Mama mwenye nyumba alilia, akatuambia sasa atalala.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: watu wa mizuka mna nini na wagonjwa, hata mkawachangia? Jibu langu huanzia mwaka 1921, pale daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alipochapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba ya zamani. Walisikia nyayo, waliona watu wasiokuwepo, watoto walisawajika, hata mimea ya ndani ikafa. Ilikuja kugundulika kwamba tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake uliorudi ndani ulibeba kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na ubongo ukikosa oksijeni mtu huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, huchanganyikiwa. Familia ile ingeita kikundi kinachokuja na vinasa sauti peke yake, pengine wangefia mle ndani huku wageni wao wakihesabu nyayo.

Ndiyo maana tangu mwanzo wa mwaka huu hakuna anayefungua begi la vifaa kabla kipima gesi hakijapitishwa vyumba vyote, kuanzia chenye jiko au tanuri. Wachache waliona ni kupoteza muda wa mkesha. Mimi sioni hivyo, na kamati haitalegeza kanuni hii.

Wapo pia waliotupigia simu kwa sababu ya kukabwa na jinamizi: mtu anaamka, macho yako wazi, hawezi kuinua kidole, na kifuani kumelaliwa na kitu kizito. Hao tunawaeleza kwamba mtu anapoota misuli hulegezwa, na mara nyingine akili hutangulia kuamka kabla ya mwili. Kisha tunawashauri wamwone daktari, hasa kama usingizi wao umevurugika.

Jambo lililonigusa zaidi ni la wafiwa. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha katika British Medical Journal matokeo ya kuwahoji wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzi aliyefariki, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Mwaka huu mgane mmoja alituomba tumnasie sauti ya mkewe. Kwenye kinasa ulipatikana mkwaruzo uliofanana na jina lake, na kijana wetu aliyeusikia alikuja kwangu mbio. Tuliusikiliza tena na tena, na kila tuliporudia jina lilizidi kusikika, kwa kuwa sikio likishaambiwa neno hulitafuta hata kwenye upepo. Nilivaa koti nililokuwa nalo usiku ule, nikakaa umbali uleule na kinasa, nikafunga zipu. Ilitoka sauti ileile. Wapo walionilaumu kwa kutompelekea yule mzee faraja hiyo. Lawama yao nimeisikia na nia yao naiheshimu, lakini sikuweza kumkabidhi mtu zipu yangu nikamwambia ni mkewe. Nilikwenda kwake bila kinasa, akanisimulia habari zake mpaka jioni. Nilipoaga aliniuliza kama anapoteza akili, kwa kuwa humsikia jikoni. Nikamweleza kuhusu wale wajane na wagane 293.

Upande wa fedha, mweka hazina atawasomea hesabu zilizokaguliwa. Langu ni kuthibitisha kwamba viingilio vyote vya mikesha ya wazi vimekwenda kwenye mashirika ya afya mliyoyapigia kura: ya tiba shufaa, yaani matunzo ya kuwapunguzia maumivu wenye maradhi mazito, ya ugonjwa wa moyo na ya kuwasaidia wafiwa. Mafuta ya gari, betri na bima tumelipia kutoka ada zetu wenyewe. Stakabadhi ziko kwa katibu, na yeyote anaruhusiwa kuzipitia.

Mapato yangekuwa makubwa zaidi kama tusingeacha jengo moja lililokuwa likijaza wageni. Mwenye jengo alibandika matangazo kwamba chama chetu kimethibitisha mzuka ndani yake. Hatukuthibitisha. Tulimwomba ayaondoe mara mbili, akakataa, tukaondoka. Mgeni anayelipa kiingilio kwetu huambiwa mlangoni kwamba huenda akakaa gizani hadi alfajiri asione kitu, na kwamba fedha yake itafika kwa mgonjwa hata hivyo. Wengi hurudi.

Nawashukuru waliosafisha kumbi saa kumi alfajiri wakati wengine tukifunga nyaya, na wanaopokea simu za watu walioogopa, kazi ambayo haina saa.

Mbele yenu liko pendekezo moja la kamati: tununue ving'ora vya kaboni monoksaidi, na kila nyumba tunayoichunguza ambayo haina tuiachie kimoja tunapoondoka. Gharama yake imo kwenye ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Naomba tulijadili kwanza, kisha tupige kura kwa kunyoosha mikono.