Barua ya wazi kwa mpwa wangu: hilo bomba la mbele likate

Mjomba,

Marahaba. Picha nimezipata zote, na ule ujumbe wa sauti uliorekodi gereji huku grenda ikilia nyuma yako. Fremu imenyooka, mshono wa kuchomelea umelala vizuri, na mkono wako sina neno nao. Nina neno na kauli yako. Unasema magari ya mbio ya Formula One unayoyaona kibanda umiza Jumapili saa kumi jioni ni maganda matupu, yakigusana kidogo tu yanapasuka kama mtungi, ila kigari chako cha mbio cha injini ya bodaboda "hakivunjiki hata kikigonga mnazi". Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Mtwara hii na Lindi vijana wenye mashine ya kuchomelea na injini ya cc 150 iliyokosa pikipiki ni wengi, na wote wanajenga kwa imani hiyohiyo.

Kigari hicho kikigonga mnazi kisivunjike, basi cha kuvunjika ni wewe.

Tupige hesabu ya mnazi huohuo. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ndio mwendo anaofikia mkwezi akiteleza kutoka mita 14 anapofika chini. Akitua kwenye sakafu ya saruji hatusemi tena. Akitua kwenye lundo kubwa la makumbi ana nafasi, ingawa mwendo ulikuwa uleule. Tofauti ni umbali alioupata wa kusimamia. Ukitoka kilomita 60 hadi sifuri ndani ya sentimita 10, mwili unabeba kama mara 140 ya uzito wake. Ukipata sentimita 50, ni kama mara 28. Bado ni nyingi: kichwa na helmeti ni kilo 6 hivi, na kwa mara 28 shingo inavutwa kwa mzigo wa karibu kilo 170, zaidi ya gunia moja na nusu. Lakini kwa mara 28, mtu aliyefungwa mkanda sawasawa huamka. Kwa mara 140 watu wanaitana tu.

Sasa tazama picha yako ya tatu. Bomba kutoka kwenye kiti limenyooka moja kwa moja mpaka pua ya gari, na mbele umelifunga kwa bamba la chuma. Ukigonga, hakuna kinachokunjika. Nguvu yote inapita kwenye bomba, inafika kwenye kiti, inaingia mgongoni. Mbaya zaidi, shafti ya usukani nayo imenyooka kutoka mbele hadi kifuani bila kiungo chochote. Huo ni mkuki, mjomba, na umejielekezea mwenyewe.

Wenzetu wa magari yale wamegawa gari sehemu mbili. Kuna chumba cha dereva, ambacho hakiruhusiwi kuvunjika kabisa, na kuna vingine vyote, ambavyo vimewekwa ili vivunjike kwa mpangilio. Chumba hicho ni cha nyuzi za kaboni. McLaren walikileta kwenye Formula One mwaka 1981, na mwaka huohuo John Watson aligonga Monza, injini ikang'oka na gari likakatika, mwenyewe akatoka akitembea. Pua ya mbele, mbavu za pembeni na kisanduku cha nyuma vimetengenezwa visagike taratibu, kila sentimita ikila sehemu ya ule mwendo. Vile vipande unavyoviona vikiruka kwenye runinga ndiyo makumbi ya nazi.

Mfano wa karibu zaidi ni Romain Grosjean, Bahrain, Novemba 2020. Mzunguko wa kwanza, tairi lake la nyuma liligusa tairi la mbele la Daniil Kvyat, akaingia kwenye kizuizi cha vyuma akiwa na kilomita 192 kwa saa. Mara 67 ya uzito wake. Gari likakatika pande mbili nyuma ya kiti, injini ikabaki upande wa barabara, na kile chumba kikapenya katikati ya vyuma. Ule upinde wa juu ya kichwa, halo, ndio uliosukuma vyuma kando ili visifike shingoni. Petroli ikawaka. Mguu wa kushoto ulinasa, akauchomoa na kiatu kikabaki humo. Akatoka kwenye moto baada ya sekunde zisizofika 30, ameungua mikono. Gari la daktari lilikuwa limeshafika, kwa sababu kanuni inalitaka liwafuate nyuma mzunguko wa kwanza wote.

Nimelitaja tairi kugusa tairi kwa makusudi, maana ndiyo hatari ya magari haya yanayoitwa ya magurudumu wazi. Nenda pale stendi uangalie mashine ya juisi ya miwa. Roli mbili zinazunguka kinyume, moja huku moja kule, ndiyo maana zinapokutana pande zote mbili zinaenda njia moja na muwa unavutwa ndani. Magari mawili yanayofuatana ni kinyume cha hapo: matairi yote yanazunguka upande mmoja. Mgongo wa tairi la nyuma la aliyetangulia unapanda juu. Uso wa tairi la mbele la anayemfuata unashuka chini. Yakikutana, la kwanza linalisukuma la pili juu na la pili linalikwea la kwanza kama ngazi. Gari la nyuma linaruka. Gari lenye bodi inayofunika magurudumu lingekwaruzana rangi tu.

Melbourne, Machi 2001, Jacques Villeneuve alilikwea gari la Ralf Schumacher hivyohivyo. Gari likasagika, Villeneuve akatoka mzima. Lakini gurudumu moja lilichomoka, likapita kwenye upenyo wa uzio na kumuua Graham Beveridge, msimamizi wa kujitolea aliyekuwa kazini pembeni. Miezi sita kabla yake, Monza, gurudumu lilimuua Paolo Gislimberti, naye mzimamoto wa pembeni. Kwa hiyo ukiniambia "nikifa ni mimi mwenyewe", nakukatalia. Wale watoto watakaojipanga kuangalia, umewaweka wapi?

Magurudumu ya Formula One yamefungwa kwenye chesisi kwa kamba maalumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2011 zikaongezwa kuwa mbili kwa kila gurudumu. Wewe kamba hizo huna, basi fanya unayoyaweza. Kwanza toa hizo rimu za toroli. Zimetengenezwa kubeba mchanga kwenda mbele, hazijui kulaliwa pembeni kwenye kona, na beringi zake zitafumuka mapema. Tumia rimu ndogo za skuta zenye beringi za chuma. Nati ya ekseli iwe ya kupitisha kota pini, ile pini ya kukunjwa inayozuia nati isifunguke, na kota pini iwe mpya kila ukifungua; msumari uliokunjwa si kota pini. Ukishakaza, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye ekseli. Kila mizunguko mitano simama utazame. Mstari ukiachana, nati imelegea, na hujahitaji hata spana kujua.

Halafu chomelea bomba la pembeni, kila upande, linalojaza nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na bampa pana nyuma linalofika hadi ukingo wa nje wa matairi. Vigari vyote vya go-kati vya mashindano, vile vidogo visivyo na bodi, vina vitu hivyo. Kazi yake ni moja tu: gurudumu la mwenzako lisipate pa kuingia. Hapo tumia bomba jembamba, lipinde, lisivunje mtu.

Kichwa sasa. Umeniuliza kama ukunje bomba juu ya kiti iwe halo. Hapana. Halo ya kweli ni titani, ina uzito wa kilo 7 hivi na inabeba tani 12 bila kukatika. Ilianza kutumika Formula One mwaka 2018, baada ya vifo vya watu waliopigwa vitu kichwani: Henry Surtees, miaka 18, aliyepigwa na gurudumu Brands Hatch mwaka 2009, na Justin Wilson aliyepigwa na kipande cha pua ya gari Pocono mwaka 2015. Siku sita tu baada ya Surtees, springi iliyochomoka kwenye gari la Rubens Barrichello ilimpiga Felipe Massa juu ya jicho huko Hungary. Alipona kwa neema na kwa helmeti nzuri. Dereva wa halo amefungwa mikanda kila upande, na mabega yana kile kifaa cha HANS kinachoshika helmeti ili kichwa kisichomoke mbele. Wewe ukiweka bomba sentimita 20 mbele ya uso wako na mkanda uliolegea, umejiwekea nyundo.

Lililo muhimu kwako ni hili, na wengi wanalikosea: mkanda na tao la nyuma ya kichwa vinakwenda pamoja, au vyote viwili visiwepo. Kigari cha go-kati hakina mkanda, si kwa uzembe. Kwa kuwa hakina tao, kikipinduka ni heri dereva arushwe pembeni kuliko kubaki amefungwa chini yake. Ukiweka mkanda bila tao, umejifungia kwenye kinu. Ukiweka tao bila mkanda, litakupiga wewe mwenyewe kichwani.

Kwenye picha umeshaanza tao, kwa hiyo tulimalize kama inavyotakiwa. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kwa tao kuu zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene wa ukuta 2.5, au kipenyo 50 na unene 2. Bomba la mageti lina mshono kwa ndani na ukuta wake mwembamba. Litafunguka kama ganda la korosho. La maji lililopakwa zinki nalo liache: moshi wake ukilichomelea unaleta homa, na mshono wake si wa kuaminika. Tao liinuke juu ya helmeti angalau sentimita 5 ukiwa umekaa, na liwe na miguu miwili ya kuegemea nyuma. Kunja kwa mashine ya kukunjia. Ukikunja kwa kupasha moto na nyundo, pale kwenye kona ukuta unabonyea, na ndipo litakapokatikia.

Mkanda wa Noah wa pointi tatu unashika bega moja. Gari likilala upande wa pili unachomoka. Tafuta wa mabega mawili, kiuno na katikati ya miguu. Wa kiuno ukae kwenye mfupa wa nyonga, chini ya kitovu. Ukikaa tumboni unakata utumbo. Ya mabega ishuke kidogo tu kuelekea nyuma. Ikishuka sana inabana uti wa mgongo siku ya ajali.

Mafuta: tenki la pikipiki limekaa juu ya ekzosi, sijui ulifikiria nini. Lita moja inakutosha. Liweke nyuma ya kiti, bamba la chuma likutenganishe nalo, mpira mpya wenye klipu pande zote, na koki. Swichi ya kuzimia injini iwe mbili, moja mkononi mwako, moja kwenye tao ambapo mtu wa nje anaifikia. Waya wa mafuta uwe na springi mbili za kurudisha kabureta, maana ikiwa moja tu, ikikatika injini inabaki imekaza mwendo. Cheni ifunikwe. Na usije na jezi ya mpira, ya timu yoyote: ni poliesta, ikishika moto inayeyuka na kugandana na ngozi. Ovaroli ya pamba, viatu, glavu za ngozi, na helmeti ya kufunika uso mzima ambayo haijawahi kuanguka. Madereva wale wanavaa nguo za Nomex, kitambaa kisichoshika moto kirahisi, na bado wanalazimika kuthibitisha kuwa wanatoka garini kwa sekunde 7. Wewe jipime pia. Ukizidi 10, punguza unachopitia.

Barabara ya Mikindani sahau kabisa, hata alfajiri. Kiwanja kitupu chenye ruhusa, watazamaji upande wa ndani wa kona kamwe, na nje ya kona pabaki wazi. Matairi chakavu ya kizuizi yafungwe pamoja kwa bolti, safu mbili. Yakiwekwa huru yanatawanyika na gari linapita chini yake. Na kama mwenzako amezimikiwa, wote wasimame kabla mtu au bajaji ya kumvuta haijaingia. Jules Bianchi aligonga mashine iliyokuwa inaondoa gari la mwenzake, Suzuka, mvua ikinyesha, Oktoba 2014. Hakuzinduka tena.

Kwa hiyo hilo bomba la mbele likate sentimita 50 kutoka miguuni. Mbele yake weka kisanduku cha bati jembamba, kifungwe kwa bolti nne ndogo, ukivunja unabadilisha. Shafti ya usukani itie viungo viwili, ipinde badala ya kukuchoma. Kisha chukua drili ya milimita 4, toboa ukuta mmoja wa tao sehemu ya chini isiyobeba mkunjo, ingiza mkia wa kaliper hadi uguse ukuta wa pili, toa kipimo hicho kwenye kipenyo cha nje, ubaki na unene wa ukuta. Nitumie namba hiyo tu. Ikiwa chini ya 2, usichomelee kitu kingine juu yake.

Mjomba wako