Seli shina haziwekwi kwa dripu kutibu fistula

Mhariri,

Mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe wa kudumu wa utumbo, akiahidiwa "dripu ya seli shina" (seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za aina nyingine) ya kumponya utumbo, naomba asitoe hata shilingi kabla ya kusoma haya.

Dawa ya seli shina iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa ugonjwa huu, darvadstrocel, haikuwa dripu wala haikuwa ya kuponya utumbo. Ilikuwa ya fistula, ule mfereji wa usaha unaotoka njia ya haja kubwa na kutokea kwenye ngozi. Daktari wa upasuaji aliukwangua mfereji, akashona tundu la ndani kwa uzi unaoyeyuka, kisha akadunga kwa sindano seli milioni 120 zilizokuzwa kutoka mafuta ya mtu mwingine: nusu kuzunguka tundu hilo, nusu kwenye kuta za mfereji. Seli hizo ni hai. Hazigandishwi wala haziwekwi kwenye friji, na iodini au haidrojeni peroksaidi ikipitishwa kwenye mfereji huziua.

Jaribio la kwanza, la wagonjwa 212, lilitia moyo: karibu asilimia 50 walipona, dhidi ya asilimia 34 ya waliodungwa maji ya chumvi tu. La pili, la wagonjwa 568, likatoa asilimia 48.8 dhidi ya 46.3. Mwishoni mwa 2024 dawa ikaondolewa sokoni Ulaya.

Tuitazame vizuri hiyo 46.3. Wagonjwa hao hawakupata seli hata moja, ila nao walikwanguliwa mfereji na kushonwa kwa uangalifu. Kazi hiyo ndiyo ya kudai hospitalini: picha ya MRI ya nyonga kuonyesha matawi yote ya mfereji, usaha kutolewa, na uzi laini kuachwa ndani wiki mbili au tatu ili mfereji ukauke. Ukifungwa mapema, usaha hukosa njia na jipu hurudi.

Kupandikiza seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe ni jambo jingine kabisa, maana hutanguliwa na dawa kali zinazofuta kinga. Katika jaribio la ASTIC la wagonjwa 45, lililochapishwa 2015, mmoja alifariki, na lengo, yaani ugonjwa kutulia bila dawa, lilifikiwa na 2 kati ya 23 tu, dhidi ya 1 kati ya 22 wasiopandikizwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna la ziada: kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn. Kinga ikishushwa kabla ya kukipima, kinasambaa. Kipimwe kwanza, kwa kuchukua kinyama cha utumbo na kupiga picha ya kifua, hata kabla ya vidonge vya prednisoloni, ambavyo navyo hushusha kinga.

Daktari wa upasuaji,
Dar es Salaam