Orodha ya mada sikutumii

Mbagala, Dar es Salaam
Aprili, masika yamekolea

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye matope. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, shemeji yako naye yupo, analalamikia foleni kama kawaida yake. Barua yako imefika na imenichekesha. Kumbe mkuu wako kakutoa darasa la sita, akakupeleka darasa la awali ili "ukapumzike kidogo"! Aliyesema hivyo hajawahi kumfunga mtoto mmoja kamba za viatu huku wa pili anamvuta gauni kumwambia amejikojolea, na wa tatu kashaparamia dirisha.

Umeniomba orodha ya mada za muhula mzima, pamoja na shughuli zake, unakili tu kwenye azimio la kazi. Sikutumii. Si roho mbaya, somo, unanijua. Mada zangu ni za Mbagala. Ile iliyoniendea vizuri kuliko zote tangu Januari ni ya daladala, na huko kwako Newala mtoto anayepanda daladala kila asubuhi utampata wapi? Lakini nikusimulie ilivyokwenda, kwa sababu namna ya kuipata mada ndiyo unayoihitaji.

Nilikuwa nimeandaa mada ya usafiri kama vitabu vinavyotaka: meli, ndege, treni, baiskeli, picha ukutani, mtoto anataja jina, tunapiga makofi. Siku ya kwanza walitaja, tukapiga makofi, wakaanza kusinzia. Wakati wa mapumziko nikawaona nje wamepanga matofali mawili mawili, mmoja kashika mfuniko wa ndoo ndiyo usukani, mwingine anagonga ukuta na kupaza sauti, "Kariakoo hiyo, Kariakoo, sogea nyuma kule kuna nafasi!" Picha zangu nikazibandua.

Kesho yake viti vyote vya darasa vikawa basi. Boksi la nguo za mitumba tulilikata likawa kioo cha mbele, juu yake tukaandika njia, Mbagala na Kariakoo, na mstari wa rangi ubavuni, maana watoto wa huku huitambua gari kwa rangi ya mstari kabla hawajajua herufi hata moja. Herufi M ikaingia kwa mlango huo. Hakuna aliyeniuliza M ni nini. Ni ile inayoturudisha nyumbani. Nauli ilikuwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Nilikusanya mfuko mzima kwa mama mwenye duka la jirani, nikavigonga kwa nyundo kingo zilale zisiwakate vidole, nikaviosha. Abiria anatoa visoda vitano, nauli ni viwili, konda anarudisha chenji. Hapo umefundisha kutoa, na wala hujaandika alama ya kutoa ubaoni.

Sasa sikia. Udereva hakuna aliyeutaka. Wote walitaka kuwa konda, maana konda ndiye anayeshika hela! Ilibidi tuweke zamu kwa kufuata orodha ya mahudhurio, na hapo wakajifunza kusubiri, somo ambalo hata watu wazima wa kituo cha Rangi Tatu bado halijawaingia. Binti mmoja akajiteua kuwa trafiki, akasimamisha gari na kudai leseni. Konda akashuka, akamzungusha nyuma ya gari, wakazungumza kwa sauti ya chini, akarudi, safari ikaendelea. Naapa sikumfundisha mimi. Mwalimu mwenzangu alikuwa mlangoni, akatoka mbio kwenda kuchekea nje.

Ndiyo maana nakwambia usianze na orodha. Kaa nao siku chache, uwasikilize wakicheza, kisha ndiyo uandike andalio la somo. Ule mtaala wa zamani, wa 2016, unaukumbuka na vipengele vyake sita: kuhusiana, kuwasiliana, afya, mazingira, sanaa, hisabati. Ukikaa mezani ukavigawa kila kimoja na kipindi chake, utachoka wewe na watachoka wao. Mada ikiwa hai vinakuja vyenyewe, kazi yako inabaki kuvitambua na kuvijaza kwenye fomu ili mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akija asikusumbue.

Kuna shule ya kulipia si mbali na hapa, nilikwenda kuwaona wenzetu. Darasa linang'aa, zana zimenunuliwa dukani, kila kitu cha plastiki. Ukutani wana majira manne: theluji, maua, jua, majani yanayopukutika. Mtoto alinitajia yote manne kwa Kiingereza, nami nikamsifu. Nje mvua ilikuwa inamwagika kama leo, na neno masika halikuwapo popote humo ndani. Roho iliniuma kidogo. Majira anayo, tena yanamlowesha kila siku!

Sisi wiki hii tuko kwenye mvua. Tumekata chupa ya maji, tumeitega uani, kila asubuhi tunachora mstari maji yalipofika. Tunakunja vimashua vya karatasi na kuvishindanisha kwenye mfereji. Tumezungumza kuhusu mbu na makopo yenye maji, na watoto wakaenda kumwaga makopo ya majirani bila ruhusa, nikaitwa kujieleza. Mmoja akauliza kwa nini barabara ya Jangwani hufungwa mvua ikizidi. Nikamwaga mchanga kwenye sinia, tukachimba bonde, tukamimina maji juu, wakaona yenyewe yanakimbilia chini, na ukiweka kibasi cha boksi bondeni kinalowa. Wakubwa wengi wangefaidika na lile sinia.

Mada ya samaki nisikuchoshe nayo. Kibua halisi mezani, walimshika mashavu na magamba, paka akamaliza kipindi.

Kuhusu wazazi, jiandae. Watakuja na daftari mkononi: "Mwalimu, mbona jeupe? Mwanangu anacheza tu?" Jirani yake anasoma kule kwa wenzetu, kila siku anarudi na ukurasa mzima wa a, a, a, a. Usibishane. Mimi humwambia mama akae kwenye basi letu awe abiria. Mwanawe akishamrudishia chenji sawasawa, wengi huishia kucheka na kuuliza visoda vinapatikana wapi. Si wote. Yupo baba mmoja kanuna mpaka leo, na simlaumu, maana naye alifundishwa kwa fimbo na daftari akafika alipofika.

Idadi nayo itakutisha. Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wangu ni wengi kuliko hapo kwa mbali, na wako sijui. Zile kona za ujifunzaji tulizochora chuoni, hisabati huku, lugha kule, sanaa dirishani, mimi sina pembe za kutosha. Nimeziweka kwenye ndoo. Kila ndoo ni kona: ya visoda na vijiti, ya udongo wa mfinyanzi, ya vitambaa na vikombe vya kuchezea baba na mama. Kundi linapewa ndoo, dakika 20, tunabadilishana. Anza na ndoo mbili tu, ukianza na sita utalia. Na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kitundike karibu na choo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa kwenye uji na choo ndiko siku inakopotelea.

Sasa huko kwako. Una korosho, una shida ya maji, una watoto wanaozungumza Kimakonde nyumbani. Hizo ni mada tatu tayari. Msimu wa korosho ukifika wataweza kuzihesabu, kuzipanga kwa ukubwa, kupika mabibo kwenye mchezo, kupima kwa kopo kama wanavyoona kwenye mizani. Ila zile mbichi zenye ganda wasizipasue wala kuzitia mdomoni, yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Maji pia: uwandani mvua inakingwa na kutunzwa, kila mtoto anajua ndoo moja nyumbani inafanya kazi ngapi kabla ya kumwagwa. Waache wakusimulie hayo kwa Kimakonde kwanza, Kiswahili kitafuata. Ukimnyamazisha mtoto siku ya kwanza, itakuchukua muda mrefu kumrudisha.

Visoda nimekufungia mfuko mmoja, vimeshagongwa. Mabasi ya kusini yanapita hapa kwetu, nitampa konda mmoja ninayemfahamu, nikupigie akishaondoka ukavipokee stendi. Nawe ukipata nafasi nitumie maganda ya mabuyu, mbegu za aina aina, na kikapu kimoja cha kimakonde kidogo, nataka kuanzisha ndoo ya vitu vya kusini. Nusu ya watoto wangu babu zao wametoka huko. Na uniambie mkuu wako alisema nini alipoona umevunja mistari ya madawati.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Somo yako wa Mbagala