Wakimbizi waliopewa bunduki kabla ya uraia

Mhariri,

Makala yenu kuhusu makomando wa kigeni wa Vita vya Pili vya Dunia nimeisoma hadi nukta ya mwisho. Mmewasifu Wafaransa 177 wa Philippe Kieffer walioshuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944, na sifa hizo wanazistahili. Lakini mimi nimezeekea kwenye masijala ya jeshi, na karani huangalia kwanza ukurasa uliokosekana.

Katika kikosi chao hichohicho cha jeshi la Uingereza, Komando Namba 10, kulikuwa na kundi la vijana waliokimbia Ujerumani na Austria, wengi wao Wayahudi. Mwaka 1940 Waingereza walikuwa wamewakamata wakimbizi kama hawa kwa kuwa raia wa nchi adui. Baadhi wakapakiwa melini hadi Australia. Walipokubaliwa jeshini, walipewa sepetu. Ndipo mwaka 1942 wakubwa wakazinduka: kumbe hawa wanaweza kumhoji mateka wa Kijerumani palepale mstari wa mbele! Wakapelekwa kufunzwa Aberdyfi, Wales, chini ya kamanda wao Bryan Hilton-Jones, na wakatakiwa kujichagulia majina ya Kiingereza. Peter Arany akawa Peter Masters. Manfred Gans akawa Fred Gray.

Majina hayo silaumu. Myahudi wa Vienna akitekwa kwa jina lake halisi hakuwa na lake. Ninacholaumu ni kwamba wengi wao walisubiri uraia hadi vita vikaisha, na baadhi ya waliouawa walizikwa chini ya msalaba, kwa jina la kubuni, katika dini isiyo yao. Mtu amekufia, halafu hata kumbukumbu zake huziweki sawa?

Wamarekani angalau waliandika ahadi yao. Sheria ya Lodge ya 1950 ilimruhusu mgeni asiye na mke kujiandikisha jeshini. Akitumikia miaka 5 na kuondoka kwa heshima, aombe uraia. Nafasi zilikuwa 2,500, mwaka uliofuata zikapandishwa hadi 12,500, ingawa walioandikishwa hawakukaribia idadi hiyo. Baadhi ya wakimbizi wa Ulaya Mashariki waliingia Kikosi Maalumu cha 10 cha jeshi la Marekani, kilichoundwa kambi ya Fort Bragg mwaka 1952. Hata Mfini Lauri Törni, aliyewahi kuvaa sare ya Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, alipita mlango huo mwaka 1954 kwa jina la Larry Thorne, akawa raia, akafa Vietnam mwaka 1965. Mimi nisingempokea. Lakini naona aliyewahi kumtumikia Hitler alikuwa na sheria ya kumshika mkono, na aliyemkimbia Hitler aliachiwa huruma ya ofisa wa uhamiaji.

Mkiwaandika tena, wekeni majina yote mawili, la kuzaliwa na la vitani, na mwaka ambao kila mmoja alipata uraia. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni picha za mizinga.

Karani mstaafu wa masijala ya jeshi