Mteja anayeombwa kuondoka aambiwe sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye baa na migahawa hapa Moshi, na wa Arusha pia.

Mteja amekaa, ameagiza, bia imeshafunguliwa. Anakuja baunsa, anamgonga bega: "Braza, inuka utoke." Akiuliza kulikoni, anajibiwa kwamba ni agizo la bosi. Ugomvi mwingi wa usiku huanzia hapo, na mara nyingi mtu huyo hakuja na nia ya ugomvi.

Mwenye baa ana haki ya kumtoa mtu, hilo sibishi. Anayeambiwa atoke akang'ang'ania kwa shari anaweza kujikuta na kesi ya kuingia kwa jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Lakini sababu halali zinahesabika: hajafika miaka 18, amelewa hadi anasumbua wengine, ana deni la juzi, meza ilikuwa na oda ya watu, saa za leseni zimekwisha. Zote zinasemeka kwa sentensi moja. "Kaka, leo imetosha, ngoja tukuitie bodaboda." Wengi wakiambiwa hivyo wanaondoka.

Kinachonikera ni zile sababu zisizosemeka. Dada kakaa peke yake, basi anahesabiwa kuwa anajiuza. Mpagazi kashuka mlimani jioni ile, buti zina vumbi, anaambiwa meza zimejaa huku tatu ziko wazi. Mzee wa Kimasai anarudishwa mlangoni kwa sababu ya shuka na fimbo. Kama hofu ni fimbo, ipokelewe kaunta, ipewe namba, arudishiwe akitoka. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila, pahala mtu alipotokea, dini, jinsia na hali ya maisha. Meneja anayeona haya kuitamka sababu yake mbele ya mteja amwache mteja akae.

Anayezungumza awe meneja au msimamizi wa zamu. Baunsa akae hatua nne au tano nyuma, aonekane tu. Meneja asimame ubavuni mwa mteja, kamwe asimtokee mgongoni. Amsalimie kwanza, na kama ni mtu mzima ampe shikamoo yake. Aongee kwa sauti ambayo meza ya jirani haitaisikia. Spika zikiwa zinaunguruma, amwombe wasogee mlangoni, kwa sababu maneno ya kupigiwa kelele sikioni huonekana matusi hata kama si matusi. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake ataitetea heshima yake hata kama alikuwa tayari kwenda nyumbani.

Kisha kuna bili, na hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Kwenye baa nyingi mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa jina lake. Zamu ikifungwa, kisicholipwa anakatwa yeye. Mteja akitolewa ghafla na bia tatu na nusu kilo ya mbuzi viko kwenye daftari, atagoma kulipa, na mhudumu atamkimbilia hadi getini amshike shati. Watu wanamwona binti mkorofi, kumbe anakimbiza ujira wake wa siku.

Kwa hiyo meneja apite kaunta kwanza, aijue bili kabla hajafungua mdomo. Alichokunywa mteja, alipe na apewe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Bia iliyofunguliwa ambayo hajaigusa, baa iibebe. Nyama ambayo haijakatwa, oda ifutwe. Ikiwa iko jikoni tayari, mteja achague: afungiwe aondoke nayo, au aiache bila kulipa. Aliyetanguliza malipo kwa simu arudishiwe taslimu palepale, maana kurudisha muamala kunaweza kuchukua muda na mtu anayesubiri hela yake hatoki. Kumnyang'anya simu au kumfungia stoo kwa ajili ya bili ni kosa jingine kabisa. Deni hudaiwa kama madeni mengine.

Kwako mteja, usibishane ukiwa umekaa. Lipa ulichokunywa na uitunze risiti, ina jina la biashara, tarehe na saa. Uliza sababu ukiwa nje, na uulize jina la anayekujibu. Ukipigwa, pitia polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo uende hospitali, isipokuwa hali ni mbaya. Hapo tibiwa kwanza. Ukiona umebaguliwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa ofisa biashara wa manispaa, ambako mambo ya leseni hushughulikiwa.

Mabaunsa wengi huajiriwa kwa upana wa kifua na hawaelekezwi chochote. Nusu saa ya mazoezi Ijumaa kabla ya kufungua inatosha: mmoja awe mteja, mwingine meneja, warudie mpaka maneno yakae mdomoni. Na bili ya mteja aliyetolewa na uongozi isikatwe tena kwa mhudumu. Wenye baa wanaweza kulianza hilo mwisho wa mwezi huu, wanapopiga hesabu za mishahara.

Msimamizi wa baa,
Majengo, Moshi